Jinsi ya Kumtathmini Mteja Anayetaka Kurudi Kazini: Mwongozo kwa Wataalamu wa Tiba Kazi

Mtu aliyeumia au kuugua anapofika kwa mtaalamu wa tiba kazi ili asaidiwe kurudi kazini, kwa kawaida amekwisha kupimwa na watu wengi. Daktari amepima jeraha, mtaalamu wa fiziotherapia amepima mkunjo wa kiungo, mwajiri amehesabu siku za kutokuwapo kazini, na bima imehesabu gharama. Huenda katika safari hiyo yote hakuna aliyemuuliza ni jambo gani hasa katika kazi yake linamshinda, ni lipi bado analimudu, na kama kazi ile bado anaitaka. Zana za tathmini zinazomlenga mteja ziliundwa ili maswali hayo yaulizwe kwa utaratibu, yaandikwe, na yaweze kurudiwa baadaye kwa ajili ya kulinganisha.

Ninaandika mwongozo huu nikishikilia jambo moja: tathmini inamlenga mteja pale tu jibu lake linapobadilisha kitu katika mpango wa huduma. Mtaalamu anaweza kujaza fomu kwa ukamilifu, akakokotoa wastani bila kosa, kisha akaendelea na mazoezi yaleyale aliyokuwa amekwisha kuyapanga kabla ya kumwona mteja. Huyo ametumia zana inayomlenga mteja, lakini mteja hakuwamo katika uamuzi wowote. Kwa hiyo, katika kila hatua inayofuata, jiulize ni kitu gani ungekifanya tofauti kama mteja angejibu vingine. Ukikosa jibu, hatua hiyo haina kazi.

Msingi wa jambo hili si matakwa ya taaluma peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 26, unataka huduma za utengamao, yaani za kumsaidia mtu kurejesha uwezo wake, zianze mapema iwezekanavyo na zijengwe juu ya tathmini ya mahitaji na uwezo wa kila mtu, inayofanywa na wataalamu wa fani mbalimbali. Ibara ya 27 inatambua haki ya mtu kujipatia riziki kwa kazi aliyoichagua au kuikubali kwa hiari. Neno “hiari” ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi katika utengamao wa kikazi, kwa kuwa mlipaji wa huduma (kama vile bima), mwajiri na familia huwa wana jibu lao tayari kuhusu kazi anayopaswa kuifanya mteja.

Chagua zana kwa kufuata swali

Usianze na zana uliyoizoea. Anza na swali ambalo bado hulijui jibu lake, kisha tafuta zana inayoliuliza.

Ikiwa hujui ni shughuli zipi zinamsumbua mteja na zipi anazithamini, zana inayofaa ni COPM (Canadian Occupational Performance Measure), iliyotoka nchini Kanada na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Ni mahojiano yenye mwongozo ambayo mteja mwenyewe anataja matatizo ya utendaji katika maeneo matatu, yaani kujihudumia, uzalishaji (kazi ya kulipwa na isiyo ya kulipwa), na burudani, kisha anayapa alama. Ikiwa unataka kujua kama mtazamo, mazoea, majukumu na mazingira ya mteja yanamsogeza kuelekea kazini au yanamrudisha nyuma, tumia mahojiano ya nafasi ya mfanyakazi yanayojulikana kwa kifupi kama WRI (Worker Role Interview). Ikiwa kazi ipo na swali ni jinsi mahali hapo pa kazi panavyomwathiri, tumia WEIS (Work Environment Impact Scale), ambayo ina vipengele 17 kuhusu mazingira ya kazi. Hizi mbili za mwisho zimejengwa juu ya nadharia ya Gary Kielhofner, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, inayomwona mtu kama mwenye hiari, mazoea na uwezo wa utendaji vinavyotegemeana na mazingira yake.

Zipo nyingine. OSA (Occupational Self Assessment) ni fomu ya kujitathmini ambayo mteja anaeleza jinsi anavyofanya mambo mbalimbali vizuri na jinsi mambo hayo yalivyo muhimu kwake, nayo inamfaa mtu anayejieleza vizuri zaidi kwa maandishi kuliko kwa mazungumzo. AWP (Assessment of Work Performance), iliyoundwa Sweden, humwongoza mtaalamu kutazama stadi 14 za kimwili, za kiutaratibu na za mawasiliano wakati mteja akifanya kazi yenyewe. Hakuna haja ya kuzitumia zote kwa mtu mmoja. Mbili zinazokamilishana, moja ya kumsikiliza mteja na moja ya kumwona akitenda, zinatosha kwa kesi nyingi, na mteja aliyechoka kwa maumivu atakushukuru.

Kumbuka pia kwamba zana nyingi kati ya hizi zina haki miliki. Nunua mwongozo na fomu halali, na usome mwongozo wote kabla ya kumhoji mtu wa kwanza, maana fomu peke yake haionyeshi jinsi ya kuuliza.

Mweleze mteja nani atayasoma majibu yake

Katika wodi ya kawaida, mtaalamu na mteja huwa wawili. Katika utengamao wa kikazi, nyuma ya mteja kuna mwajiri anayetaka kujua tarehe ya kurudi, mlipaji anayetaka kujua kama madai ni ya kweli, na pengine mwanasheria. Mteja anajua hivyo kabla hujamwambia. Ukimwomba aseme anachokiweza bila kumweleza majibu yanakwenda wapi, atakupa majibu yanayomlinda, na huwezi kumlaumu kwa hilo.

Kwa hiyo, kabla ya swali la kwanza, mweleze kwa maneno ya wazi ni nani aliyeomba tathmini, ni nani atakayepokea ripoti, ni sehemu gani za mazungumzo zitaandikwa, na ni zipi zinaweza kubaki kati yenu. Kama kuna jambo ambalo sheria inakulazimisha kuliripoti, litaje sasa, kabla hajalisema. Mwambie kuwa atasoma ripoti kabla haijatumwa. Chukua ridhaa kwa maandishi, lakini usidhani kuwa sahihi ndiyo ridhaa yenyewe. Mwombe akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Kama atasema ripoti ni “ya daktari tu” ilhali inakwenda pia kwa mwajiri, bado hajaridhia.

Ongeza jambo ambalo wengi hulikwepa: mwambie kwamba anaruhusiwa kusema hataki kurudi katika kazi ile. Mteja anayehofia kuwa jibu hilo litamkatia mafao atakuficha, nawe utapoteza wiki nyingi ukimjengea nguvu za kazi ambayo moyoni ameshaiacha. Usimwahidi kwamba jibu hilo halitakuwa na matokeo, kwa sababu huenda likawa nayo. Mwahidi kwamba utamweleza matokeo hayo kabla ya kuandika chochote.

Kuendesha mahojiano ya COPM

Hapa ndipo ninapoona kazi nzuri na kazi mbovu zikitofautiana zaidi. Fomu ni fupi, na ufupi wake unamshawishi mtu aharakishe.

Kosa la kwanza ni kukubali tatizo pana mno. Ukimuuliza mteja anashindwa nini, atasema “kazi”, au “kurudi kama zamani”. Jibu hilo ni la kweli, lakini haliwezi kupewa alama wala kufanyiwa kazi. Mwombe akueleze siku yake ya mwisho kazini tangu alipoamka hadi alipolala: alifikaje, alianza na nini, alisimama muda gani, alinyanyua nini, alipumzika wapi, nani alimpa maagizo, nini kilimchosha, alirudi nyumbani akiwa na hali gani. Masimulizi ya siku moja huzaa matatizo mahususi bila mteja kuhisi kwamba anajaza fomu. Kisha fupisha kila tatizo katika maneno aliyoyatumia yeye. Kama amesema “kumpandisha mgonjwa kwenye kiti”, usiandike “stadi za uhamishaji”.

Kosa la pili ni kuyatupa matatizo ambayo hayaonekani kuwa ya kazi. Tuchukue mfano wa muuguzi wa wodi aliyeumia mgongo wakati wa kumwinua mgonjwa. Katika mahojiano anataja mambo manne: kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kusimama zamu nzima, kukaa na kuandika kumbukumbu za wagonjwa, na kumbeba na kumwogesha mtoto wake asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mtaalamu mwenye haraka ataacha la nne kwa kuwa mlipaji hagharimii uogeshaji wa mtoto. Lakini mgongo ni uleule mmoja. Ikiwa mama huyo anafika kwenye zamu akiwa amekwisha kuumia nyumbani, mazoezi yote ya wodini yatapimwa juu ya mwili uliochoka tangu alfajiri. COPM inauliza pia kuhusu maisha nje ya ajira, na katika utengamao wa kikazi maswali hayo yanastahili muda wake.

Baada ya kuorodhesha matatizo, mteja analipatia kila moja alama ya umuhimu kuanzia 1 hadi 10. Kisha anachagua matatizo yasiyozidi matano anayotaka yashughulikiwe, na kwa kila moja anatoa alama mbili, nazo pia za 1 hadi 10: jinsi anavyolitenda jambo hilo sasa, na jinsi anavyoridhika na utendaji huo. Alama ni zake. Usimrekebishe kwa kumwambia kwamba wewe unamwona akifanya vizuri zaidi. Ukiona tofauti kubwa kati ya alama yake na unachokiona, iandike pembeni, maana ni taarifa utakayoihitaji baadaye.

Zana hii ina wakosoaji wanaosema kwamba alama za mtu mwenyewe haziaminiki. Wanasema kweli kwa nusu: alama hizi hazifai kumlinganisha mteja mmoja na mwingine, wala haziwezi kuthibitisha mbele ya mtu wa tatu kwamba mtu anaweza kunyanyua uzito fulani. Kazi yake ni kumlinganisha mteja na nafsi yake katika mambo aliyoyachagua yeye. Kwa kazi hiyo sijaona mbadala ulio bora kuliko kumuuliza.

Muda wa mahojiano hutofautiana. Nusu saa inawatosha wengi. Mtu anayezungumza kwa mara ya kwanza kuhusu kazi aliyoipoteza anaweza kuhitaji vikao viwili, na kumkatisha ili umalize fomu ni kuharibu kile ulichokijia.

WRI na WEIS: mteja na mahali pake pa kazi

WRI, katika toleo lake la karibuni, ina vipengele 16 vinavyogusa imani ya mteja katika uwezo wake, maadili, mambo yanayomvutia, majukumu, mazoea na mazingira. Tofauti yake kubwa na COPM ni kwamba hapa anayetoa alama ni mtaalamu, akitegemea mahojiano na mambo mengine aliyoyaona. Kwa kila kipengele unaamua kama kinaunga mkono sana kurudi kazini, kinaunga mkono, kinakwamisha, au kinakwamisha sana, kisha unaandika maelezo mafupi ya sababu. Maelezo hayo yana thamani kuliko alama. “Kinakwamisha” bila sababu hakimwelekezi mtu yeyote kufanya lolote.

Kwa kuwa alama ni za mtaalamu, zana hii inaweza kuteleza kwa urahisi na kuwa hukumu juu ya tabia ya mteja. Njia ya kuizuia isiteleze ni kumrudishia mteja alama hizo. Mwambie: “Nimeona kwamba hutarajii kufaulu ukirudi, nami nimeandika kuwa jambo hilo linakwamisha. Je, nimekuelewa?” Mara nyingine atakubali. Mara nyingine atakueleza kwamba mashaka yake yanatokana na msimamizi aliyekwisha kumwambia kuwa hana nafasi tena, na hapo kikwazo kinahama kutoka kwa mteja kwenda kwenye mazingira, pamoja na mpango wote wa huduma.

Tilia mkazo vipengele vya imani katika uwezo. Tafiti nyingi za kurudi kazini zimeonyesha kwamba matarajio ya mteja mwenyewe ni miongoni mwa viashiria vyenye nguvu vya kama atarudi au la, wakati mwingine kuliko ukubwa wa jeraha. Hii haina maana ya kumhimiza afikiri mema. Matarajio hubadilika mtu anapofanya kazi halisi kwa kiwango anachokimudu na kuona kwamba hakuumia. Kwa hiyo, alama ya chini katika eneo hili iwe sababu ya kuanza mapema majaribio mafupi ya kazi yenyewe, badala ya kurefusha mazoezi ya kliniki.

WEIS huenda sambamba na WRI, na mahojiano ya zote mbili yanaweza kufanywa kwa kikao kimoja. Inauliza kuhusu mambo kama vile mahitaji ya muda, ratiba, matarajio ya wasimamizi, ushirikiano wa wafanyakazi wenza, hali ya kihisia iliyopo mahali pa kazi, na vifaa. Tumia zana hii kwa mtu mwenye kazi au anayelenga kazi mahususi; kwa mtu aliyekaa muda mrefu bila ajira, maswali mengi hayatakuwa na cha kushika. Faida yake iliyo kubwa zaidi ni kwamba inamwezesha mteja kusema mambo ya mahali pa kazi bila kuonekana analalamika, kwa kuwa ni zana inayouliza, na inawauliza wote maswali hayohayo.

Tazama kazi ikifanyika

Kumsikiliza mteja hakuondoi haja ya kuona. Nenda mahali pa kazi ikiwezekana, au omba picha, vipimo na maelezo ya kazi. Pima urefu wa meza, uzito wa vitu, umbali wa kutembea, na mara ngapi jambo linarudiwa kwa saa. Kisha mtazame mteja akifanya kazi hiyo au iliyo karibu nayo, ukitumia zana kama AWP ili macho yako yasivutwe na tatizo moja tu.

Vipimo vya uwezo wa mwili, kama vile kunyanyua, kubeba, kusukuma na kuinama, vina nafasi yake, hasa pale usalama unapohusika. Lakini vinaeleza alichokiweza mteja siku ile, chumba kile, kwa saa zile chache. Havielezi kama atakiweza siku ya nne mfululizo. Viweke chini ya maswali aliyoyaibua mteja: kama tatizo lake ni kusimama zamu nzima, kipimo cha dakika ishirini hakimjibu.

Mteja na mtaalamu wasipokubaliana

Kumlenga mteja hakumaanishi kukubali kila asemalo. Dereva wa gari la abiria anayepata degedege anaweza kuipa alama 10 ya umuhimu kazi ya kuendesha, na alama 9 ya utendaji. Sheria ya udereva na uhai wa abiria haviwekwi kwenye mizani na alama hiyo. Mweleze waziwazi kile usichoweza kukiunga mkono na sababu yake, kisha rudi kwenye umuhimu wake. Uliza ni nini katika udereva anachokithamini: kipato, safari, kukutana na watu, au heshima ya kukabidhiwa chombo. Jibu hilo linafungua njia ya kazi nyingine ambayo uwezo wake peke yake usingekuonyesha.

Hali ya kinyume ni ya kawaida zaidi, nayo hupewa uzito mdogo. Mteja mwenye sonona anajipa alama 2 katika kazi unayomwona akiifanya vizuri. Usimbishie. Mwombe mfanye kazi moja pamoja, kila mmoja aandike anachokiona, kisha mlinganishe. Kwa mtu aliyepata jeraha la ubongo na asiyetambua upungufu wake, utaratibu huohuo unafaa, ila kwa upole zaidi na kwa hatua fupi, maana kugundua kwa ghafla yale aliyoyapoteza kunaweza kumvunja.

Wateja ambao alama na maneno vinawashinda

Kipimo cha 1 hadi 10 si rahisi kwa kila mtu. Asiyezoea kutoa maoni kwa namba anaweza kuchagua 5 kila mara ili asikosee. Chora ngazi yenye vidato kumi, au weka kokoto kumi mezani na umwombe atenge kiasi kinachoonyesha jinsi anavyoliweza jambo. Jaribu kwanza na jambo lisilo na uzito, mpaka uone kwamba anatumia sehemu mbalimbali za kipimo. Andika katika kumbukumbu ni njia gani uliyoitumia, na uitumie hiyohiyo wakati wa kupima tena.

Kwa aliyepoteza usemi baada ya kiharusi, tumia picha za shughuli anazoweza kuzipanga katika makundi: ninaweza, ninaweza kwa shida, siwezi. Ndugu au mlezi anaweza kuhojiwa, lakini majibu yake yaandikwe kuwa ni yake, na yasichanganywe na ya mteja. Mume anaweza kuona kwamba tatizo kubwa la mkewe ni kutembea, kumbe mke mwenyewe anaumia zaidi kwa kutoweza kupokea simu ofisini.

Ikiwa zana haipo katika lugha ya mteja, usitafsiri maswali papo hapo kila unapohoji, kwa kuwa kila siku utauliza swali tofauti kidogo. Omba kibali cha wenye haki, watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, mlinganishe, mtu wa tatu asiyeona maandishi ya awali arudishe tafsiri katika lugha ya kwanza, kisha mjaribu na wateja wachache mkiwauliza walivyoelewa kila swali. Mkalimani naye afundishwe kutafsiri jibu lote, pamoja na kusitasita kwa mteja, bila kulifupisha.

Kutoka alama hadi lengo

Kwa kila tatizo alilolichagua mteja, andikeni lengo moja linaloonekana. Njia ninayoipendekeza ni GAS (Goal Attainment Scaling), yaani kipimo cha kufikia malengo, iliyobuniwa na Kiresuk na Sherman mwaka 1968 kwa ajili ya huduma za afya ya akili, ambayo huweka viwango vitano vya matokeo kuanzia -2 hadi +2, na 0 ikiwa ni matokeo yanayotarajiwa. Kwa muuguzi wetu, 0 inaweza kuwa kuhamisha wagonjwa wanne katika zamu moja kwa kutumia kifaa cha kuinulia akiwa na mwenzake mmoja, bila maumivu kuzidi kesho yake. -1 iwe wagonjwa wawili. -2 asihamishe yeyote. +1 wagonjwa sita. Na +2 wagonjwa wote aliopangiwa. Viwango viandikwe pamoja naye, na kabla ya kuanza. Mteja akishiriki kuamua kiwango cha 0, utajua mapema kama mnatarajia jambo moja.

Ripoti

Tenganisha sauti tatu katika ripoti: alichosema mteja, alama na maoni ya mtaalamu, na kilichoonekana kwa macho au kwa kipimo. Msomaji aone kila sentensi imetoka wapi. “Mteja anasema hawezi kusimama zaidi ya saa moja” ni tofauti na “mteja hakusimama zaidi ya saa moja katika siku mbili za majaribio”, na zote mbili ni tofauti na “mteja hana uwezo wa kusimama”, sentensi ambayo mara nyingi hakuna ushahidi wa kuibeba.

Mwajiri apewe yale yanayomhusu: kazi zipi zinafanyika, zipi zinahitaji marekebisho, marekebisho gani, kwa muda gani. Habari za ndoa, usingizi na huzuni za mteja haziendi huko isipokuwa kwa ridhaa yake na kwa sababu inayoeleweka.

Kupima tena

Rudia COPM kwa matatizo yaleyale. Jumlisha alama za utendaji, gawanya kwa idadi ya matatizo, fanya hivyohivyo kwa kuridhika, kisha linganisha na za mwanzo. Badiliko la pointi 2 au zaidi huchukuliwa kuwa na maana katika huduma. Amua mapema kama utamwonyesha mteja alama zake za kwanza kabla hajatoa mpya, na usibadili utaratibu huo kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine.

Muuguzi wetu alianza na alama za utendaji 2, 4, 5 na 3, ambazo wastani wake ni 3.5. Baada ya wiki kadhaa alijipa 5, 6, 7 na 4, wastani 5.5. Kwa utendaji, pointi 2 zimepatikana na mtaalamu angeweza kufunga faili. Lakini kuridhika kulitoka 1, 4, 4 na 3, wastani 3.0, kukafika 1, 4, 5 na 4, wastani 3.5 tu. Kumhamisha mgonjwa kumepanda kutoka 2 hadi 5, ilhali kuridhika kumebaki 1 palepale. Pengo kama hilo ndilo la kulifuata. Anapoulizwa, anaeleza kwamba kifaa cha kuinulia kinamtaka amwite mwenzake kila mara, na wenzake wameanza kunung'unika kuwa wanafanya kazi yake. Hapo hakuna zoezi la mgongo litakalosaidia. Kinachohitajika ni mazungumzo na msimamizi wa wodi ili kuhamisha wagonjwa kwa kifaa na kwa watu wawili kuwe utaratibu wa wauguzi wote, jambo linaloilinda migongo ya wengine pia, na vipengele vya WEIS kuhusu wafanyakazi wenza virudiwe baada ya mabadiliko hayo.

Panga angalau kipimo kimoja baada ya mteja kuwa amerudi kazini kwa saa zake kamili, kwa kuwa matatizo ya mwezi wa pili kazini si yale ya kliniki. Tatizo jipya likijitokeza, lipe alama zake za mwanzo za siku hiyo na ulifuatilie peke yake. Usiliingize katika wastani wa yale ya kwanza, maana litaushusha na kuficha maendeleo yaliyopatikana. Marekebisho ya mahali pa kazi yaliyokubaliwa yaandikiwe tarehe ya kukaguliwa na jina la anayehusika kuyasimamia, na mteja abaki na nakala yake.